Kuzunguka Ulaya kwa Bajeti Ndogo: Anza na Ramani

Watu wengi wakipata viza ya Schengen, viza moja inayofungua nchi nyingi za Ulaya, hutaka kuitumia mpaka tone la mwisho: Paris siku mbili, Amsterdam siku mbili, Roma siku mbili, Barcelona siku mbili, halafu nyumbani. Kwenye picha inapendeza, lakini mfukoni ni balaa. Kila unapohama unalipa nauli, unalipa basi la kwenda uwanjani na la kutoka uwanjani, unakula stesheni kwa bei ya stesheni, na nusu ya siku imekwisha kabla hujaona kitu. Anayetaka kuiona Ulaya kwa pesa kidogo anafanya uamuzi mkubwa akiwa bado nyumbani, ramani iko mezani: miji michache, inayokaribiana, katika nchi ambazo maisha hayako juu sana. Hilo likishakaa sawa, viza, nauli, malazi na chakula vinakuwa rahisi kupanga.

Mwongozo huu nimeuandika nikimfikiria mtu anayeondokea Dar es Salaam, Nairobi, Kigali au Bujumbura. Aliyeko tayari Ulaya kwa masomo au kazi aruke sehemu ya viza, mengine yote yanamhusu.

Hatua ya 1: Chora njia yako

Gawa Ulaya kwa bei. Uswisi, Norway, Denmark na Iceland ziache kwa siku mfuko ukiwa umejaa. Paris, Amsterdam na London ni ghali hasa kwenye malazi. Poland, Hungaria, Slovakia, Romania na Bulgaria ni nafuu, na Jamhuri ya Cheki bado inavumilika ukitoka katikati ya Prague. Kusini kuna Ureno na Ugiriki bara, ukiepuka miezi ya joto. Tofauti utaiona kwenye kitanda tu: kitanda cha chumba cha pamoja Kraków au Budapest, nje ya msimu, mara nyingi ni euro 12 hadi 20. Amsterdam kitanda kama hicho kinaweza kupita euro 40.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho, ili hesabu zionekane. Tuseme una wiki tatu. Njia ninayoipendekeza kwa anayekwenda mara ya kwanza ni hii: Kraków usiku 4, Budapest usiku 6, Vienna usiku 2, Prague usiku 4, Berlin usiku 4. Jumla usiku 20, nchi tano, na ndani ya Ulaya hupandi ndege hata mara moja. Budapest hadi Vienna ni chini ya saa tatu kwa treni. Vienna hadi Prague ni kama saa nne, na Prague hadi Berlin ni saa nne na kitu. Safari ndefu ni Kraków–Budapest tu, ambayo kwa basi inakula sehemu kubwa ya siku. Vienna nimeipa usiku mbili kwa sababu ndiyo ghali kuliko zote kwenye orodha. Ukitaka kubana zaidi, lala Bratislava, mji mkuu wa Slovakia, ambako treni inakufikisha Vienna kwa takriban saa moja.

Tiketi ya ndege tafuta ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine. Kwenye tovuti za kutafuta ndege kuna sehemu ya miji zaidi ya mmoja, jaza hapo: kuingia Kraków au Warsaw, kutoka Berlin. Mashirika yanayounganisha kupitia Istanbul, Doha, Addis Ababa, Cairo au Dubai mara nyingi hayaongezi sana kwa tiketi ya namna hiyo, nawe unaokoa nauli na siku nzima ya kurudi ulikotoka.

Kuhusu majira, Aprili hadi katikati ya Juni, na Septemba hadi Oktoba, ndiyo miezi ya mtu mwenye bajeti. Julai na Agosti bei zinapanda na foleni zinachosha. Desemba masoko ya Krismasi huko Vienna na Prague yanapendeza sana, ila vitanda vinapanda bei kwa sababu hiyohiyo, na jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni.

Hatua ya 2: Viza ifuate njia

Viza ya Schengen inakuruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, katika nchi 29. Romania na Bulgaria zimekamilisha kujiunga Januari 2025. Uingereza na Ireland hazimo, zina viza zao.

Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, unaomba kwa nchi utakayoingilia. Kwenye mfano wetu Hungaria ina usiku 6, hivyo maombi ni ya Hungaria hata kama ndege inatua Poland. Hapo ndipo utaona kwa nini ramani imetangulia: mgawanyo wa siku ndio unaoamua uende ubalozi gani. Si kila nchi ina ubalozi Dar es Salaam. Nyingine zinawakilishwa na nchi jirani yake, nyingine zinapokelea maombi Nairobi. Ukigundua kwamba njia yako inakulazimisha kupanda basi la Nairobi mara mbili, sogeza siku mbili tatu kutoka nchi moja kwenda nyingine, kisha siku hizo uzikae kweli kama ulivyoandika.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya miaka 6 hawalipi. Kampuni inayopokea maombi kwa niaba ya ubalozi inaongeza ada yake. Maombi yanafunguliwa miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usikaribie mwisho huo, kwa sababu jibu la kawaida ni siku 15 lakini linaweza kufika 45, na nafasi ya miadi yenyewe wakati mwingine inasubiriwa wiki kadhaa.

Nyaraka zinazoulizwa:

- Pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, yenye kurasa mbili tupu, na itakayokuwa hai angalau miezi mitatu baada ya kutoka Schengen.
- Bima ya safari ya angalau euro 30,000, inayogusa matibabu na kurudishwa nyumbani.
- Taarifa za benki, kwa kawaida za miezi mitatu hadi sita.
- Barua ya mwajiri yenye ruhusa ya likizo, au leseni ya biashara na karatasi za kodi kwa aliyejiajiri.
- Nafasi ya ndege na malazi ya kila usiku.

Afisa anayesoma maombi anatafuta kama maelezo yako yanakubaliana. Mshahara wa kila mwezi unaoonekana ukiingia na kutoka una nguvu kuliko milioni tano zilizoingizwa kwa mkupuo wiki moja kabla ya miadi. Tarehe za ndege, hoteli, bima na barua ya likizo zilingane hadi siku. Malazi chukua yale yanayofutika bure, na ndege shikilia nafasi tu bila kulipia mpaka viza itoke, isipokuwa ubalozi wako umesema vinginevyo.

Jambo moja la kuzingatia sana ni idadi ya kuingia. Viza ya kuingia mara moja inakufa ukitoka Schengen. Ukipewa ya kuingia mara nyingi, mlango mwingine unafunguka: Albania, Montenegro, Makedonia Kaskazini, Bosnia na Serbia zina utaratibu wa kumpokea mwenye viza hai ya Schengen bila kumdai viza yao. Masharti yanatofautiana na hubadilika, kwa hiyo soma ukurasa wa wizara ya mambo ya nje ya nchi husika kabla hujakata tiketi. Albania hasa ina fukwe nzuri na bei inayokaribia ya kwetu.

Hatua ya 3: Nauli za ndani

Mabasi ndiyo rafiki wa kwanza. FlixBus inafika karibu kila mji, na RegioJet ya Cheki ina mabasi na treni kwa njia zetu za Prague, Vienna na Budapest. Ukikata wiki tatu nne kabla, vipande vyote vinne vya njia ya mfano vinaweza kuisha kwa euro 100 hivi. BlaBlaCar, ambako watu wenye magari wanachangia mafuta na abiria, inasaidia pale basi linapokuwa limejaa.

Treni bei yake inategemea aina. Treni za kasi na za masafa marefu zinauzwa kama ndege, yaani mapema rahisi na siku ya safari ghali. Treni za mkoa kwa sehemu kubwa zina bei ileile siku zote, ila zinasimama kila kituo. Italia ni mfano mzuri wa hilo. Ujerumani kuna Deutschlandticket, tiketi ya mwezi mzima ya usafiri wa mijini na treni zote za mkoa, euro 63 tangu Januari 2026. Inauzwa kama usajili unaojirudia, hivyo ukiinunua ifute kabla ya tarehe 10 ya mwezi huo, la sivyo mwezi ujao utakatwa tena. Kwa siku nne za Berlin hailipi. Kwa anayetaka kuzunguka Ujerumani wiki mbili, hakuna kitu cha kushindana nayo. Luxembourg usafiri wa umma ni bure kwa kila mtu tangu 2020.

Pasi za Eurail, zinazouzwa kwa wasiokaa Ulaya, naziona zimezidishiwa sifa kwa mwenye bajeti ndogo. Zinafaa kwa mtu anayehama kila siku mbili kwenye nchi ghali, na hata hivyo treni nyingi za kasi za Ufaransa, Italia na Uhispania zinadai ada ya kiti juu ya pasi. Wakazi wa Ulaya wanayo Interrail, yenye mashaka yaleyale.

Ndege za bei chee zina hesabu mbili, ile ya kwenye tangazo na ile unayoilipa. Ryanair na Wizz Air wanakupa bure begi moja la sentimita 40 kwa 30 kwa 20, linaloingia chini ya kiti. Kikizidi hapo ni pesa, na ukikamatwa getini ni pesa nyingi. Halafu uwanja. Beauvais unaitwa wa Paris lakini uko kama kilomita 85 kutoka mjini. Hahn, unaohusishwa na Frankfurt, ni kama kilomita 120. Tiketi ya euro 20 ikiongezewa mabasi mawili ya uwanjani inakuwa ya euro 50 bila begi. Mwenye pasipoti ya nje ya Umoja wa Ulaya pia ahakikishe nyaraka zake zimekaguliwa mapema kwenye kaunta ya shirika, hata kama amejisajili kwa simu.

Basi la usiku linaokoa kitanda, ni kweli. Lakini kesho yake unazunguka mji macho mekundu na begi mgongoni. Mara moja katika safari nzima inatosha.

Hatua ya 4: Begi

Begi moja la mgongoni, kilo saba hadi nane, na usiruhusu mtu akuongezee zawadi za kupeleka. Nguo za kuvaa juu ya nyingine zinashinda koti moja zito, kwa sababu Aprili ya Prague asubuhi ni baridi na mchana ni jua. Weka kanga mbili au kikoi. Kanga inakauka haraka kuliko taulo, unajifunika kwenye basi, na ukiitundika kwenye ukingo wa kitanda cha deka inakuwa pazia. Taulo hosteli nyingi zinakodisha kwa euro 2 hadi 5 kila mara. Na kufuli dogo: makabati yapo, kufuli mara nyingi unaambiwa ununue.

Hatua ya 5: Pa kulala

Hosteli za wasafiri si za wanafunzi peke yao, na nyingi hazina kikomo cha umri. Chumba ni cha watu wanne hadi kumi na wawili, vitanda vya deka, bafu la pamoja. Vipo vyumba vya wanawake tu. Unapochagua, tazama vitu vitatu kabla ya bei: jiko la wageni, umbali wa kutembea hadi kituo cha metro au tramu, na maoni ya hivi karibuni kuhusu usafi. Jiko pekee linaweza kukuokolea euro 10 kwa siku.

Miji mingi inatoza kodi ya kulala wageni juu ya bei uliyoiona. Amsterdam ni asilimia 12.5, ndiyo maana bei ya mwisho inashtua. Venice hata asiyelala hutozwa kuingia mjini katika siku maalumu za msimu.

Mkiwa wawili au watatu, linganisha na chumba cha kawaida au nyumba ndogo ya kupanga kabla ya kulipia vitanda vitatu. Mara nyingi inakaribiana, na mnapata mlango wa kufunga. Ukilala kwa ndugu au rafiki, sema hivyo kwenye maombi ya viza na uambatanishe barua yake ya mwaliko. Nchi kadhaa zina fomu maalumu kwa ajili hiyo.

Hatua ya 6: Kula

Chakula cha mchana ndicho kiwe kikubwa. Kuanzia saa tano na nusu hivi mpaka saa nane mchana, mikahawa ya Cheki na Hungaria huuza mlo wa siku, supu na sahani kuu, kwa bei ambayo jioni huwezi kuiona. Poland kuna bar mleczny, migahawa ya tangu enzi za ujamaa: unapanga foleni, unaagiza kaunta, unabeba trei yako. Supu, viazi, pierogi (vipande vya unga vilivyojazwa na kuchemshwa), unashiba kwa euro tano hadi nane.

Asubuhi na jioni ni supamaketi: Lidl, Aldi, Penny, na Biedronka ukiwa Poland. Kumbuka kwamba Jumapili maduka ya Ujerumani na Austria yanafungwa, na Poland pia karibu Jumapili zote, hivyo nunua Jumamosi. Maduka ya ndani ya stesheni kubwa hubaki wazi ila bei zake si rafiki. Programu ya Too Good To Go inauza mabaki mazuri ya siku kutoka maduka ya mikate na mikahawa kwa bei ndogo, unachukua muda wa kufunga.

Maji ya bomba yananywewa katika miji yote ya njia hii. Beba chupa. Roma kuna mabomba ya barabarani zaidi ya elfu mbili yanayotiririka mchana na usiku. Ukinunua kinywaji Ujerumani au Austria, chupa ya plastiki au kopo lina dhamana ya senti 25 inayoongezwa kaunta. Usitupe. Mlangoni mwa supamaketi kuna mashine yenye tundu la duara: unaingiza chupa moja moja, inazizungusha kusoma alama, inazivuta ndani, kisha unabonyeza kitufe na karatasi inatoka. Karatasi hiyo unampa keshia, anakata kwenye manunuzi yako. Chupa nne ni euro moja, mkate umepatikana.

Kwa Waislamu, nyama ya nguruwe imejaa Poland, Cheki na Austria, hata ndani ya supu isiyoonekana kuwa nayo. Uliza. Berlin na Vienna maduka ya Waturuki na Waarabu ni mengi, na mengi yameandika halali mlangoni.

Hatua ya 7: Fedha na simu

Hungaria wanatumia forint, Cheki koruna, Poland zloti. Usibadilishe noti uwanjani wala kwenye vibanda vya mitaa ya watalii. Kadi inakubalika karibu kila mahali, nawe uwe na mbili, kila moja mahali pake.

ATM ndiyo yenye mtego. Tuseme uko Prague unataka koruna 4,000. Mashine inakuonyesha skrini yenye kiasi kilichokwisha kugeuzwa kwa fedha ya kadi yako, kitufe kikubwa cha kukubali, na kingine kidogo cha kukataa. Ukikubali, mwenye mashine anakuuzia koruna kwa bei anayoipenda yeye. Bonyeza kukataa. Pesa itatoka vilevile, na benki yako ndiyo itakayogeuza, kwa kawaida kwa bei nzuri zaidi. Mashine ya kadi dukani ikikuuliza ulipe kwa shilingi, dola au fedha ya pale, chagua fedha ya pale daima. Pendelea ATM zilizo ukutani mwa benki.

Laini ya simu nunua moja katika nchi ya kwanza. Tangu Juni 2017 laini ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya inatumika katika nyingine zote bila gharama ya ziada, ndani ya kiwango cha kifurushi. Uswisi haimo katika mpango huo.

Hatua ya 8: Kuona mji bila kulipia kila mlango

Berlin, kuba la kioo la bunge, Reichstag, ni bure kwa aliyejiandikisha mtandaoni mapema. Kilomita 1.3 za Ukuta wa Berlin uliobaki, East Side Gallery, ni bure na wazi muda wote. Auschwitz-Birkenau, kambi ya mauaji ya Wanazi wakati wa Vita Kuu ya Pili, kama kilomita 70 kutoka Kraków, haina kiingilio kwa wanaoingia bila mwongozaji, ila nafasi inashikwa mtandaoni na zinaisha haraka. Vienna, jengo la opera linauza tiketi za kusimama kwa bei ndogo. Ukibadili njia: makumbusho ya Prado ya Madrid ni bure saa mbili za mwisho za kila siku, na makumbusho ya serikali Italia ni bure Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Kiingilio kimoja ningekilipa bila kusita. Ni Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe na maumbile, Berlin. Ukumbi wa kwanza kuna mifupa ya dinosaria aitwaye Giraffatitan, mita 13 na zaidi kwenda juu, iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, na kubebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi mpaka bandarini. Mtu wa kwetu akisimama chini ya shingo ile anastahili kukaa hapo muda anaotaka.

Ndani ya miji, tiketi ya karatasi ya metro au tramu lazima uigonge kwenye mashine ndogo kabla ya kuanza safari, Prague na Budapest hasa. Wakaguzi wengine wanavaa kiraia, na hawasikilizi maelezo. Faini moja inameza bajeti ya siku nzima.

Hesabu ya mwisho, na mambo yakiharibika

Kwa njia hii ningepanga euro 50 kwa siku kwa kitanda, chakula, usafiri wa mjini na kiingilio kimoja kimoja. Siku 20 ni euro 1,000. Ongeza 100 za kuhama, 90 za viza, bima, ada ya kampuni ya maombi, na ndege ya kimataifa, ambayo ndiyo itakayokuwa kubwa kuliko zote. Kisha weka euro 200 pembeni usiziguse.

Namba ya dharura Ulaya nzima ni 112. Nakala za pasipoti na viza ziwe kwenye barua pepe yako. Wezi wa mifukoni wako kwenye metro na tramu zilizojaa na kwenye stesheni kubwa, si kwenye vichochoro unavyoviogopa, kwa hiyo simu isikae mfuko wa nyuma.

Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen ilianza kuandikisha uso na alama za vidole kwa mfumo wa EES badala ya kugonga muhuri. Siku zako zinahesabiwa na kompyuta, siku ya kuingia na ya kutoka zikiwemo. Viza ya siku 21 ni siku 21.

Na ndege ya kurudi ikichelewa: sheria namba 261 ya mwaka 2004 inahusu kila ndege inayoondoka uwanja wa Umoja wa Ulaya, shirika lolote. Ukifika mwisho wa safari ukiwa umechelewa saa tatu au zaidi kwa kosa la shirika, fidia inaanzia euro 250 hadi 600 kulingana na umbali. Tunza kipande cha kupandia ndege, andika saa mlango wa ndege ulipofunguliwa, na ujaze fomu kwenye tovuti ya shirika lenyewe ukishafika nyumbani. Huhitaji wakala wa kukukata asilimia.